Mabeseni Sita ya Ndagala

Yosefu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shule ya misioni, kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Kwa hesabu alikuwa mwepesi. Mwalimu alipoandika namba ubaoni, mkono wa Yosefu ulikuwa wa kwanza kuinuka, na mara nyingi jibu lake lilikuwa sawa. Kwa sababu hiyo mama yake, aliyekuwa mjane na asiyejua kusoma, alimtumaini kuliko watu wote kwa mambo ya karatasi. Barua ikifika nyumbani, aliisoma Yosefu. Deni likiandikwa, aliliandika Yosefu.

Mama huyo alikuwa mchuuzi wa ndagala. Ninyi mnaokaa kando ya ziwa mwawajua ndagala. Kwa wenzenu wa mbali yafaa nieleze kidogo. Ni samaki wadogo, urefu wao kama kidole. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, katika siku zisizo na mbalamwezi. Samaki hao huufuata mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu tena ya kuwaita. Asubuhi mitumbwi hurudi, na wanawake hununua ndagala kwa mabeseni, kisha huwaanika juani mpaka wakauke. Wakiisha kukauka hutiwa katika magunia, wakapelekwa mbali, hata katika miji ya migodi ya Katanga.

Nyumbani mwao alikaa pia kijana mmoja, jina lake Luka, mtoto wa ndugu ya marehemu baba yake Yosefu. Luka alikuwa yatima. Hakupata kusoma. Kazi yake ilikuwa kubeba mabeseni kutoka pwani mpaka nyumbani, juu ya mlima. Yosefu alimwita «yaya», kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa.

Basi siku moja ya Jumatano mama alikwenda kumwuguza dada yake katika kijiji cha pili. Akamwachia Luka kazi ya kupokea ndagala kwa mwenye mitumbwi. Huyo mwenye mitumbwi alikuwa mtu mwaminifu, aliyesoma zamani. Alichana kipande cha karatasi, akaandika hesabu yake, akampa Luka. Katika karatasi ile ilikuwa imeandikwa hivi tu:

2 + 3 × 4

Luka akaitia karatasi mfukoni, akaanza kazi. Alipanda mlima na beseni kichwani, akashuka, akapanda tena, mpaka jua likaelekea kutua. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila alipotua beseni aliweka jiwe dogo kando ya mlango.

Mama akarudi jioni. Akampa Yosefu karatasi: «Mwanangu, nisomee. Wamenipa mabeseni mangapi?»

Yosefu akaitazama mara moja. Mbili na tatu ni tano. Tano mara nne ni ishirini. «Mabeseni 20, Mama.»

Mama akaingia ndani kuhesabu. Akakuta 14. Akahesabu tena kwa kugusa kila beseni kwa mkono. 14.

Mabeseni 6 kwa mjane si kitu kidogo. Mjomba wake Yosefu alikuwako. Akamwita Luka, akamwuliza mabeseni mengine ameyauza wapi. Luka akasema: «Mjomba, sikuuza. Yote niliyopewa yamo ndani. Tazama mawe yangu pale mlangoni.» Mjomba akacheka kwa hasira, akasema: «Mawe hayakwenda shule. Mtoto huyu amekwenda shule, na karatasi imesema 20. Kesho tutakwenda kwa mkubwa wa kijiji.» Majirani walikuwa wamekwisha kusimama nje, wakisikiliza. Luka hakula usiku ule. Yosefu alikula, lakini chakula hakikupita vizuri, kwa maana alimpenda yaya wake, na tangu siku nyingi hakuwahi kumwona akichukua kitu cha mtu.

Asubuhi mama alimtuma Yosefu kwa Mwalimu, amwombe aandike barua ya mashtaka kwa mkubwa wa kijiji. Yosefu akatoa karatasi, akaeleza habari yote. Mwalimu akaisoma karatasi, akanyamaza kidogo.

«Nani amesema ni 20?»

«Mimi, Mwalimu.»

«Na Luka amesema ngapi?»

«Amesema 14. Lakini yeye hajui kusoma.»

«Luka amesema kweli,» akajibu Mwalimu. «Nenda ukakae mahali pako. Barua hatutaiandika. Leo tutafanya hesabu.»

Watoto walipokwisha kusali na kukaa, Mwalimu aliandika 2 + 3 × 4 ubaoni, akauliza jibu. Karibu wote walisema 20. Hakuwagombeza. Akasema: «Mwenye mitumbwi alikuwa na habari ya kumwambia mama. Habari yenyewe ni hii. Tangu Jumatatu alikuwa na deni la mabeseni 2. Tena Jumatano mitumbwi 3 ilirudi, na kila mtumbwi ulitoa mabeseni 4. Nani atanichorea habari hiyo?»

Mtoto mmoja akaja, akachora:

O O   [O O O O]   [O O O O]   [O O O O]

«Hesabuni.» Wakahesabu pamoja kwa sauti, wakafika 14, wakashangaa. Wengine wakahesabu mara ya pili.

Mwalimu akamgeukia Yosefu: «Wewe jana ulianza wapi?»

«Nilijumlisha 2 na 3, nikapata 5.»

«Vitu gani vitano?»

Yosefu akafungua kinywa, akakifunga.

«Ni mabeseni matano?»

«Hapana, Mwalimu. Ile 3 ni mitumbwi.»

«Basi ni mitumbwi mitano?»

«Hapana. Ile 2 ni mabeseni.»

«Ni mabeseni-mitumbwi!» akasema mmoja wa nyuma, na darasa zima likacheka. Mwalimu akawaacha wacheke, maana mtoto yule alikuwa amesema vema kuliko alivyojua. Kisha akasema: «Mtu hajumlishi mbuzi 2 na vijiji 3. Vitu vinavyojumlishwa sharti viwe vya namna moja. Kabla ya kujumlisha, jiulizeni sikuzote: vitu gani?»

Akaendelea: «Sasa tazameni alama ×. Imeshika 3 kwa mkono mmoja na 4 kwa mkono wa pili. Kuandika 3 × 4 ni njia fupi ya kuandika 4 + 4 + 4. Mwandishi alichoka kuandika nne mara tatu, akafunga mzigo mmoja. Mtu akileta kuni 2 mkononi na mizigo ya kuni mgongoni, huwezi kujua ana kuni ngapi kabla ya kufungua mizigo. Tufungue basi.» Akaandika:

2 + 3 × 4
= 2 + 4 + 4 + 4
= 14

«Hapo sasa zote ni mabeseni. Jumlisheni mnavyotaka, kutoka kushoto au kutoka kulia, mtapata 14.»

Ndiyo sababu ya kanuni, watoto, nami napenda mwishike hii kuliko kanuni yenyewe. Wengi hujifunza kwa moyo kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha, kama vile wazee wanavyonawa mikono kabla ya vijana wakati wa kula. Mfano huo wa wazee ni mzuri kwa kukumbuka, wala siukatai. Lakini hauelezi kitu. Mwenye kushika mfano tu atasahau siku ya mtihani; mwenye kuuliza «vitu gani?» ataipata njia tena hata akiisahau.

Turudi darasani. Msichana mmoja, Tereza, akainua mkono: «Mwalimu, kama mwenye mitumbwi angetaka kusema 20, angeandika namna gani?»

Swali hilo lilimpendeza Mwalimu sana. «Jibu la Yosefu,» akasema, «si jibu la upuzi. Ni jibu la habari nyingine. Tuseme mitumbwi 2 ilirudi alfajiri, na mitumbwi 3 ilirudi jua likiwa juu, na kila mtumbwi ulikuwa na mabeseni 4. Hapo 2 ni mitumbwi, na 3 ni mitumbwi. Zaweza kujumlishwa kwanza. Lakini msomaji atajuaje? Hakusikia sauti yangu. Basi yanipasa kumwonyesha kwa alama.» Akaandika:

(2 + 3) × 4
= 5 × 4
= 20

Alama hizo mbili zilizopinda, moja kushoto na moja kulia, huitwa mabano. Ni kama ua wa nyumba. Yaliyo ndani ya ua humalizwa kwanza, ndipo watu watoke nje kuonana na wengine.

Mwalimu hakusahau kujilaumu mwenyewe. Aliwaambia watoto kwamba mpaka siku ile alikuwa amewafundisha kujumlisha siku yake na kuzidisha siku yake, wala hakuwaonyesha bado alama mbili zikikaa katika mstari mmoja. Macho huzoea kusoma kutoka kushoto. Yakiona + kwanza, hukimbilia +. Yosefu alifanya kama jicho lake lilivyozoea.

Wakati wa mapumziko Mwalimu akamwita kando. «Kukosea hesabu si dhambi,» akamwambia. «Lakini jina la mtu limechafuka kwa ajili ya hesabu yako. Ni juu yako kulisafisha, tena mbele ya watu wale wale waliosikia.» Akampa ruhusa kwenda nyumbani.

Yosefu alipanda mlima mbio. Luka alikuwa amekaa kizingitini, na mjomba alikuwa akivaa koti lake tayari kwa safari. Yosefu akasema kwa sauti kubwa, ili na majirani wasikie: «Yaya, nimekosa. Hesabu yangu ilikuwa mbaya. Ni mabeseni 14, na yote yamo.» Akachora mchangani kama walivyochora ubaoni. Mama akafuata kila duara kwa kidole. Kisha akaenda mlangoni, akayahesabu mawe ya Luka. Yalikuwa 14. Akamshika Luka mkono, akalia. Mjomba naye akakohoa, akasema alikuwa na nyavu za kutazama pwani, akashuka.

Kanuni zenyewe si nyingi. Kwanza humalizwa kazi iliyo ndani ya mabano. Halafu hufanywa kuzidisha na kugawanya. Mwisho hufanywa kujumlisha na kutoa. Katika vitabu vyetu alama ya kugawanya ni nukta mbili, moja juu ya nyingine, yaani 12 : 3, mahali pengine huandikwa 12 ÷ 3, na maana ni moja.

Hapa pana mtego, na wakubwa pia hunaswa. Watu husikia «kuzidisha na kugawanya», wakafikiri kuzidisha ni mkubwa wa kugawanya. Sivyo. Hao ni mapacha. Hali kadhalika kujumlisha na kutoa ni mapacha. Mapacha wakikutana katika mstari mmoja, anaanza yule aliye upande wa kushoto.

Mfano wa kutoa: asubuhi mama alikuwa na mabeseni 12. Akauza 5. Kisha akaletewa 3.

12 − 5 + 3
= 7 + 3
= 10

Asiyefikiri atasema: kujumlisha kwanza, 5 na 3 ni 8, 12 toa 8 ni 4. Lakini yale mabeseni 3 yaliletwa, hayakuuzwa! Alama − imeshika 5 peke yake. Mama mwenye kuamini jibu la 4 atakuta nyumbani 10, na mara hii majirani watauliza mabeseni 6 ya ziada yametoka kwa nani.

Mfano wa kugawanya: Sista ana vitabu 24 vya kusomea, na darasa lina mabenchi 4. Kila benchi lapata sawa. Mabenchi 2 ya mbele yatapata vitabu vingapi?

24 : 4 × 2
= 6 × 2
= 12

Anayezidisha kwanza atapata 24 : 8, yaani 3. Mabenchi mawili kupata vitabu 3, na mabenchi yote ni manne? Vitabu vingine vimekwenda wapi? Jibu lisilokaa na habari ni la kutupwa, hata kama limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Sasa tufanye hesabu ndefu moja, pamoja na habari yake. Katika ghala ya jiko la shule mna kilo 50 za unga. Kwa siku 2, kila siku wapishi hutumia kilo 3 asubuhi na kilo 4 jioni. Kisha linaletwa gunia la kilo 18, likagawanywa sawa kwa majiko 3, na jiko letu likachukua fungu lake. Mna kilo ngapi sasa?

50 − 2 × (3 + 4) + 18 : 3
= 50 − 2 × 7 + 18 : 3
= 50 − 14 + 6
= 36 + 6
= 42

Angalieni namna ya kuandika. Kila mstari unabeba hesabu yote. Kilichofanyiwa kazi hubadilika, na kisichofanyiwa kazi bado hunakiliwa kama kilivyo. Ni kazi ya subira. Watoto wengi wenye akili hupotea hapa, kwa kuwa huona uvivu kunakili. Wengine huandika katika mstari mmoja: 3 × 4 = 12 + 2 = 14. Jibu la mwisho ni sawa, lakini maandishi ni ya uwongo, maana yanasema 3 × 4 ni sawa na 12 + 2. Alama = ni kama mizani ya dukani: upande huu na upande huu sharti vilingane. Haina maana ya «sasa naandika jibu».

Labda mtauliza nani aliyetoa amri hizi. Hakuna mfalme wala mtaguso uliozitoa. Watu wa zamani waliandika hesabu zao kwa maneno marefu, na alama zilikuja moja moja. Katika mwaka 1489 Johannes Widmann alipiga chapa huko Leipzig kitabu chenye alama + na −. Niccolò Tartaglia wa Italia alitumia mabano ya kupinda katika kitabu chake cha mwaka 1556. Mwaka uliofuata, 1557, Robert Recorde, mganga kutoka nchi ya Wales, aliandika = kwa mistari miwili iliyo sawa, akisema kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. William Oughtred, mchungaji wa Uingereza, alipiga chapa alama × mwaka 1631. Na nukta mbili zetu za kugawanya zilienezwa na Leibniz, Mjeremani, tangu mwaka 1684. Alama zilipoanza kukaa pamoja katika mstari mmoja, wataalamu walihitaji kupatana ni ipi itangulie. Mapatano yakakua polepole kwa kutumiwa, kama njia ya miguu inavyokua porini kwa kupitwa na watu wengi. Leo mwanafunzi wa Bukavu na mwanafunzi wa Brussels wakipewa 2 + 3 × 4, wote wawili sharti waandike 14.

Mashine hazifanani zote katika jambo hili. Mashine ndogo za hesabu za dukani, zile za bei rahisi, mara nyingi hufanya kazi mara tu kidole kinapobonyeza. Ukibonyeza 2 + 3 × 4 kwa mfuatano huo, nyingi zitakuonyesha 20, kosa lile lile la Yosefu. Simu nyingi zitakuonyesha 14. Mashine ya dukani haikuharibika. Haikungoja tu kuona mstari wote. Kwa hiyo mwenye kuitumia na aanze mwenyewe na 3 × 4, kisha aongeze 2.

Na tusiwacheke watu wa mawe. Kuhesabu kwa mawe, kwa mafundo ya kamba au kwa kukata alama katika mti ni kazi ya zamani sana, na nchi yetu ina ushuhuda wake. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba ardhi huko Ishango, kando ya ziwa Edward, mahali mto Semliki unapotoka ziwani. Akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa safu tatu. Wataalamu huupa umri wa miaka kama 20.000. Leo umewekwa Brussels, katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe. Katika safu moja mna mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Katika safu ya pili 11, 21, 19 na 9. Katika safu ya tatu mna mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Yule mtu alikuwa akihesabu nini, wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini chukueni daftari zenu, mjumlishe kila safu. Mtaona kwamba safu mbili za kwanza zina jumla moja.

MAZOEZI

1. Fanyeni hesabu hizi, kila hatua katika mstari wake:
5 + 2 × 6
30 − 4 × 5
(30 − 4) × 5
18 : 3 + 6
18 : (3 + 6)
40 : 5 × 2
15 − 7 + 2

2. Hesabu hizi zimekosa mabano. Yatieni mahali pake, ili jibu liwe sawa:
3 + 5 × 2 = 16
20 − 8 − 2 = 14
36 : 6 × 3 = 2

3. Mfupa wa Ishango una safu mbili zenye alama 60, na safu moja yenye alama 48. Andikeni alama zote kwa hesabu moja yenye × na +. Je, yahitaji mabano? Mtoto mmoja amepata 216: amekosa wapi?

4. Tungeni habari mbili za kijijini kwenu, moja kwa hesabu 6 + 4 × 3, na nyingine kwa hesabu (6 + 4) × 3. Katika kila habari semeni 6 ni vitu gani.

5. Kanisani mna mabenchi 10 upande wa wanaume na mabenchi 12 upande wa wanawake. Kila benchi lina watu 6. Watu 9 wamesimama mlangoni. Andikeni hesabu moja tu, kisha tafuteni jibu.

6. Juma lililofuata mwenye mitumbwi alituma karatasi nyingine: 4 × 3 − 2. Luka ameweka mawe 10 kando ya mlango. Je, liko beseni lililopotea? Ile 2, yaweza kuwa nini?